Boksi Tupu Ndani ya Begi

Jumatatu moja katikati ya Julai, kabla jua la Mbeya halijaamua kutoka, niliingiza mkono kwenye begi la shule la mwanangu kutafuta daftari la hesabu. Mwalimu alitaka saini ya mzazi. Vidole vyangu vikagonga kitu kigumu chenye pembe. Nikakivuta.

Lilikuwa boksi la viatu. Jipya, limenyooka. Ndani yake kulikuwa na karatasi nyeupe nyembamba, imekunjwa mara tatu, kona zimeingizwa kwa ndani.

Halikuwa na kiatu.

Viatu vyenyewe vilikuwa miguuni mwake. Alikuwa amechuchumaa mlangoni akifunga kamba, akipumzika kila mara kupuliza vidole kwa baridi. Vyeusi, vya ngozi, soli nene. Nilivichagua mwenyewe mwezi wa sita nilipofungua kiroba pale sokoni, nikavisugua kwa brashi na sabuni, nikavianika kivulini siku mbili, nikavipiga rangi. Vya mtumba, kama viatu vyote alivyowahi kuvaa.

"Hili boksi la nini, baba?"

Hakujibu. Alilichukua mikononi mwangu taratibu, akalirudisha kwenye begi, akafunga zipu. Honi ya gari la shule ikalia. Akatoka mbio.

Daftari la hesabu halikusainiwa siku ile.

Vya boksi

Dada yake, ambaye yuko kidato cha tatu, ndiye aliyenifungulia jambo lenyewe jioni tukimenya viazi. Tangu shule zifunguliwe, darasa la sita kulikuwa na ubishi: nani amevaa vya boksi na nani amevaa vya kuokota Sido, soko la mitumba. Mwanangu alisema vyake ni vya boksi. Wenzake wakamwambia alete boksi.

Akaleta.

Ile Jumatatu ilikuwa siku ya nne anakwenda nalo. Hakuna aliyeendelea kuliulizia baada ya siku ya kwanza, lakini yeye aliendelea kulibeba, likimbana na madaftari, kwa sababu hakujua ni lini wataliuliza tena.

Hapo ndipo jambo hili liliponiganda. Nimekaa nalo wiki saba sasa. Nikifua liko nami, nikipanga mzigo mezani liko nami, nikisikiliza mahubiri Jumapili liko nami.

Nilikuwa na maneno tayari, yale ambayo kila mzazi wa umri wangu anayo akiba: sisi tulikwenda shule peku, tulibeba kuni na ndoo ya maji, kitabu kimoja tulisoma watoto watano, na hatukumsumbua mzazi. Nilikuwa nayo pia maneno ya simu, na zile video fupi ambazo watu wazima wanafungua maboksi ya vitu vipya huku watoto wakitazama midomo wazi.

Sikuyasema. Ile karatasi ilinizuia. Mtoto wa miaka 11 aliyekaa akakunja karatasi namna ile, kwa uangalifu ule, nikimwita mwenye tamaa nitakuwa sijamtazama. Nilichokiona pale ni woga.

Baba yao

Baba yao ni dereva wa lori, wiki ile alikuwa kwenye foleni ya Tunduma. Nilimpigia usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho, na yeye si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho.

"Mnunulie vya dukani," akasema. "Yaishe."

Nikamwambia hayataisha. Nimeuza viatu miaka tisa na sijawahi kumwona mteja aliyetosheka na jozi. Baada ya viatu kuna saa, baada ya saa kuna chupa ya maji ya chuma, kuna begi la magurudumu, kuna keki ya kupeleka darasani siku ya kuzaliwa.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia kitu ambacho katika miaka kumi na saba ya ndoa hajawahi kukisema. Kwamba mahafali yake ya darasa la saba hakwenda. Alikuwa na shati lililotobolewa na pasi ya mkaa mgongoni, na mwaka mzima walikuwa wamemwita kwa jina la lile tundu. Siku ya mahafali alikaa machungani mpaka jioni, na cheti akafuatiwa na mjomba wake.

"Mimi nilichekwa. Mwanangu hachekwi."

Sikuwa na jibu. Bado sina lililokamilika. Ni rahisi kusema wazazi wanaonunua wanadekeza, lakini wengi wao wananunua kwa sababu ya tundu kama lile. Mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Allison Pugh, alikaa miaka kadhaa na familia za California, zenye hela na zisizo nazo, na alichokikuta kinafanana na nilichokiona jikoni kwangu: mtoto anakitaka kitu ili aweze kuingia kwenye maongezi ya wenzake. Asipokuwa nacho hana la kusema, na asiye na la kusema ni kama hayupo. Mzazi naye ananunua ili mtoto aonekane yupo.

Kwa hiyo sikuweza kumwona baba yao kuwa amekosea. Niliona tu kwamba dawa yake ina mwisho mfupi, na kwamba ninayemhurumia ni mtoto wa machungani pamoja na huyu wa begi.

Na kuna jingine lililoniuma. Mwezi Januari tulimhamisha mtoto kutoka shule ya serikali tukampeleka ingilishi midiamu, kwa mkopo wa vikoba na kwa majigambo kidogo pia. Nilijaribu kujiambia kwamba tatizo ni shule hii. Lakini hata kule, ambako hakuna ada, ubishi ulikuwepo: mwenye mia mbili alinunua barafu, mwenye buku alinunua kachori na kugawa, na wanaogawiwa walimfuata nyuma kama vifaranga. Kilichobadilika ni bei.

Ukungu wa Isyonje

Jumamosi iliyofuata nilifunga meza mapema nikapanda Hiace ya Tukuyu kwenda kumwona mama yangu. Nilimchukua mwanangu. Nia yangu, niseme kweli, ilikuwa bibi yake amweleze jinsi watu walivyoishi bila vitu. Nilitaka hotuba yangu itolewe na mtu mwenye haki ya kuitoa.

Tulipita Isyonje kwenye ukungu ambao dereva aliwasha taa saa sita mchana. Kijana amekaa dirishani, amenyamaza, viatu vyake amevirudisha chini kabisa ya kiti.

Bibi tulimkuta anachambua maharage uani. "Ugonile," tukamsalimu, akatutazama wote wawili usoni kama anayesoma barua. Tulipokwisha kula ndizi nilianza kumchokoza azungumze: wakati ule wa shida, mwaka 1983, mwaka 1984, watu wanapanga foleni ya sabuni na sukari, kitambaa kikija kijiji kizima kinashona rangi moja. Mwambie mjukuu wako, mama, watu wote walikuwa sawa.

"Nani alikuwa sawa?" akauliza.

Akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye vumbi la maharage. Kulikuwa na nyumba ile ya karibu na kanisa, mjomba wao alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA. Akirudi kutoka upande wa Kapiri Mposhi anakuja na sabuni ya harufu na blanketi, na wanawake walikuwa wanapita pale kwa makusudi kunusa nguo zao kwenye kamba. Kulikuwa na mtoto aliyeletewa raba, akavaa moja tu kwa wiki, nyingine akamkodisha mwenzake kwa miwa.

Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe je? Umesahau ndala zako?"

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa, mpaka alipotamka.

Darasa la nne, mwaka 1994. Nilikuwa na ndala ambazo kamba ya mbele ilikatika, baba akaishikilia kwa msumari chini ya soli. Kila asubuhi nilizivaa kutoka nyumbani, nikifika kwenye migomba ya jirani nazivua, nazifunika kwa majani makavu, naenda shule peku. Jioni nazichukua. Mama aliligundua hilo siku mvua iliponyesha ndala zikachukuliwa na maji.

"Nilikuchapa kwa kupoteza ndala," akasema mama. "Sikukuuliza kwa nini ulizivua."

Mwanangu alikuwa amenyanyua kichwa.

Nilijua kwa nini nilizivua. Nusu ya darasa walikwenda peku. Peku hakukuwa na aibu, peku ilikuwa hali ya hewa. Msumari ndio uliokuwa aibu. Msumari ulisema: hawa wamejaribu, wameshindwa, wameziba. Nilikuwa tayari kukanyaga umande wa Julai wa Rungwe kwa nyayo tupu kuliko mtu aione soli yangu.

Hotuba yangu ilifia pale uani. Tuliaga, tukasema ndaga, yaani asante, tukabeba maparachichi, na kwenye gari la kurudi kijana aliniuliza swali moja tu: "Maji yalizipeleka wapi?"

Mkunjo

Jumatano yake mteja mmoja alikuja mezani kwangu, mama mtu mzima mwenye heshima zake. Alichagua kiatu cha mtoto, cha ngozi, kimetulia. Tukapatana. Akasema lile ambalo nalisikia mara tano au sita kwa wiki.

"Nifungie kwenye boksi, mwanangu. Ni zawadi."

Nikainama chini ya meza. Maboksi nanunua kwa vijana wanaoyaokota nyuma ya maduka ya viatu vipya, mia tano mia tano, pamoja na karatasi zake. Nikachukua moja, nikapangusa vumbi, nikatandaza karatasi, nikalaza viatu kichwa kwa mguu, nikakunja. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikaingiza kona kwa ndani.

Mikono yangu ikasimama.

Mkunjo ule ulikuwa wangu. Mwanangu hakuuona kwenye simu wala hakufundishwa na watoto wa wenye magari. Kila Jumamosi tangu akiwa darasa la tatu anakuja kunisaidia, anapanga maboksi kwa ukubwa chini ya meza, anasikia ninavyowaambia wateja: "Akifungua ataona kipya." Nilikuwa nikisema hivyo kwa wema, na mteja huwa anatabasamu. Mtoto wangu amekaa miguuni pangu miaka mitatu akijifunza kwamba kiatu cha mtumba kina dosari inayohitaji kufichwa, na kwamba mama anajua kuificha.

Tena najua jambo ambalo yeye hakulijua. Miguu ya darasa lake naifahamu. Wazazi wanne wa watoto anaosoma nao, pengine watano, wananunua kwangu au kwa majirani zangu wa meza. Mmoja wa wale waliomwambia alete boksi, viatu vyake nilivipiga rangi mimi. Siwezi kumwambia. Siri ya mteja ni siri. Ila nimelala nayo macho makavu: watoto wanachekana kwa viatu vilivyotoka kiroba kimoja.

"Hatuna"

Nilimsimulia haya binti yangu, si kwamba nilitaka ushauri, nilitaka tu kuyatoa. Akaendelea kukatakata mboga. Kisha akasema, kwa adabu, lakini akasema:

"Mama, wewe huwa unatuambia hatuna. Halafu tunakuona unatoa."

Nikamwuliza natoa nini.

Mchango wa sendofu ya binti wa jirani, elfu hamsini. Kitenge cha sare ya kamati, elfu thelathini na tano, ambacho nilikivaa mara moja. Siku ya kitenge kile nilikuwa nimemwambia mdogo wake hakuna hela ya rangi za kuchorea.

Sina nia ya kusema michango ni mibaya. Siku nikifiwa ni watu hao watakaokuja na masufuria. Kilichonigonga ni neno lenyewe. "Hatuna" ni neno linalomfunga mtoto mdomo haraka, ndiyo maana nalipenda. Lakini mtoto akilisikia mwaka baada ya mwaka, analibeba kama habari kuhusu nyumba yao. Sisi ni watu tusio na. Anakwenda nalo shuleni, na huko anafanya kila njia wenzake wasijue. Ukweli ni kwamba mara nyingi tunayo, ila tumeipeleka mahali pengine, na hatujawahi kumwambia ni wapi.

Usiku ule nilitoa daftari la biashara nikaliweka mezani. Nikawaonyesha wote wawili. Kiroba nimenunua kiasi hiki, jozi hizi zimetoka na soli zimepasuka nimeuza kwa hasara, huu ni ushuru, hii ni ada yako wewe, hii ni ya shule ya dada, hii ni marejesho ya vikoba, hii ya bibi. Kijana aliweka kidole kwenye mstari wa ada yake akakiacha pale muda mrefu.

"Yote hii ni mimi?"

Nikaogopa. Nikadhani nimemtwika mzigo, nikitaka kumwondolea mmoja nimempa mwingine mzito zaidi. Mpaka leo sina hakika na usiku ule. Nikamwambia, "Ndiyo. Na tunaitoa kwa kupenda." Akafunga daftari mwenyewe akalirudisha kabatini.

Tangu siku hiyo najizuia kusema hatuna wakati tunayo. Nasema, "Ipo, lakini hiyo hatuinunui," kisha nakaa palepale kupokea hasira inayofuata. Na inafuata. Wiki mbili zilizopita alitaka saa ya kugusa ya elfu thelathini, akasusa, akala ugali bila mboga kwa makusudi, akabamiza mlango wa chumbani hadi kalenda ikaanguka. "Hatuna" ingekuwa rahisi mara kumi.

Sahani za karatasi

Katika kusoma kwangu usiku nilikutana na utafiti wa Lan Nguyen Chaplin na Deborah Roedder John, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2007. Waliwapa watoto na vijana kazi ya kubandika picha na maneno ya vinavyowapa furaha, wakaona kwamba vitu hupanda sana kati ya miaka 8 na 13, kisha hushuka ujana unapokomaa, kufikia 16 hadi 18. Na vilipopanda, kule kujithamini kwa mtoto kulikuwa kumeshuka. Nikamtazama binti yangu wa miaka 16, ambaye miaka minne iliyopita alinililia mwezi mzima kwa ajili ya begi, na leo anatembea na mfuko wa kitenge aliojishonea.

Kilichonikaa zaidi ni sehemu ya pili. Baadhi ya watoto walipewa sahani za karatasi, zile za sherehe, zimeandikwa maneno mazuri ambayo wenzao wamewasifia. Basi hilo tu. Na wale waliopewa wakapunguza vitu kwenye vinavyowapa furaha.

Sahani ya karatasi!

Utafiti mwingine ambao Chaplin alishiriki, pamoja na Marsha Richins, mwaka 2015, ulinipiga upande wa pili: watu wazima waliolelewa kwa kuzawadiwa vitu wakifanya vizuri na kunyang'anywa vitu wakikosea, ndio waliokuwa wakijipima na kuwapima wengine kwa vitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamwahidi baiskeli akiingia kumi bora. Nimeiacha ile ahadi isimame, kwa sababu ahadi ni ahadi, lakini sitaahidi nyingine ya aina hiyo.

Nilijaribu la sahani kwa namna yetu, mezani. Kila mtu amseme mwenzake kwa jambo jema lisilohusu kitu anachomiliki. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu, tulicheka kwa kuona haya. Dada yake akamwambia: "Mpira ukipasuka mtaani wanakuita wewe kuushona. Hawamwiti mtu mwingine." Alitazama chini. Baadaye nilimsikia bafuni anapiga mluzi.

Sijui kama mluzi ule una maana yoyote. Nimeuandika kwa sababu niliusikia.

Jumamosi

Maboksi sijaacha kutoa. Nilitaka kuacha, nikamkumbuka yule mama na zawadi yake, na baba yao na shati lake, nikaona sina haki ya kuwavua watu sitara walioiomba kwa heshima. Nilichoacha ni ile kauli. Mteja akiomba boksi nampa, sisemi tena kwamba mtoto akifungua ataona kipya.

Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja na kijana wa rika la wangu, sare ya shule nyingine. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye ndoo anasugua soli. Yule kijana alikuwa amesimama mbali na meza, amegeukia barabarani, kana kwamba hawako pamoja. Nilimjua mara moja.

Mama yake akamvuta ajaribu. Akavaa huku anaangalia kulia na kushoto.

Mwanangu akaacha brashi. "Bonyeza hapa mbele," akamwambia. "Kikibonyea mpaka kwenye kidole, ni kidogo." Akanyoosha mguu wake mwenyewe kumwonyesha. "Mimi hivi nilivitoa hapahapa. Vilikuwa vinabana wiki ya kwanza."

Yule mtoto akautazama mguu. Akabonyeza kiatu chake.

"Vinatosha," akasema.

Mama yake akalipa, kisha akaniuliza kama nina boksi. Nikamwangalia mwanangu. Alikuwa ameshainama chini ya meza, akatoa moja la saizi yake, akatandaza karatasi, akakunja mara tatu, akaingiza kona. Akampa yule kijana kwa mikono miwili.

Tulifunga meza saa kumi na mbili, tukapanda bajaji, baridi imeanza kushuka kutoka mlima Loleza. Amepakata mfuko wa brashi.

"Mama," akasema tulipofika Mafiati. "Yule atalibeba shule?"

"Sijui, baba."

Akafikiri hadi karibu na Kabwe.

"Lilikuwa la saizi thelathini na sita," akasema. "Begi lake halifungi."